Msiguse Mpaka Tume Ione

Mgeni alimkuta Damas Kalenga amepiga magoti kwenye matope, akisimamisha mahindi. Alishika shina lililolala, akaliinua taratibu kama mtu anayemwinua mgonjwa ili anywe uji, akalibana kwa udongo huku na huku, akagandamiza kwa viganja, kisha akasogea kwenye shina la pili. Mkewe Émilienne alikuwa mstari wa jirani akifanya vilevile. Binti yao Colette aliwafuata nyuma na kapu, akichuma mahindi yaliyovunjika kabisa, ambayo punje zake bado zilikuwa na maziwa, ili wakayachemshe nyumbani, mtaani Kikula.

Jana yake mchana mbingu ilikuwa imeanguka. Kwanza mvua ya mawe, mawe makubwa yaliyotoboa majani ya migomba kama risasi, halafu upepo ambao wazee wa pale walisema hawajapata kuuona. Ulipotulia, hapakuwa na shamba lililosimama kati ya barabara ya Mulungwishi na kijito. Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka wa 1996. Nusu ya mashamba yale yalikuwa ya watu wa Likasi ambao zamani hawakujua jembe: watu wa viwandani, ambao kampuni ya madini ilikuwa imesahau kuwalipa kwa muda mrefu mpaka wao wenyewe wakaacha kuuliza.

"Papa! Papa, acha kwanza!"

Sauti ilitoka njiani. Kijana mmoja mwenye koti la mvua la kijani alikuwa anasukuma pikipiki iliyoishiwa mafuta. Nyuma ya kiti amefunga mzigo wa vijiti vilivyopakwa rangi nyekundu kwenye ncha.

"Tuache nini, na weye haujue hata tunafanya nini?" Émilienne alimjibu bila kuinuka.

"Minajua, mama. Munasimamisha. Njo maana minasema muache."

Aliegesha pikipiki, akavuka mfereji kwa kuruka, akatua vibaya, akachafua suruali hadi magotini. Colette alicheka. Kijana naye akacheka, na kwa kicheko hicho Damas akampenda.

Alisema jina lake ni Banza, na kwamba ni bwana shamba, ametumwa na serikali. Redio ilikuwa imetangaza asubuhi ile: wakulima walioharibiwa na upepo watasaidiwa. Watapewa mbegu, mbolea, na unga wa kula mpaka mavuno mengine.

"Unga?" Émilienne sasa aliinuka.

"Unga, mama. Lakini kuko tume inapashwa kupita kuona. Kama balikuta mahindi inasimama, batasema nini? Batasema huku upepo haukufika. Muache vile iko. Musiguse kitu mupaka constat."

Damas alifuta mikono yake kwenye suruali, polepole. Neno hilo la Kifaransa, *constat*, ukaguzi wa hasara, lilimwingia kama sauti ya mtu wa nyumbani. Alikuwa amefanya kazi ya kuchomelea vyuma kiwandani tangu ujana wake, na kiwandani sheria ilikuwa moja: behewa likipinduka, mashine ikimkata mtu, hakuna anayegusa chochote mpaka mkubwa aje aone kwa macho yake. Alipata kumwona rafiki yake akikaa chini karibu na vidole vyake vilivyokatika, amefungwa shati mkononi, akiwakataza watu wasifute damu. Yule alilipwa. Mwingine, ambaye wenzake walimhurumia wakasafisha mahali pale upesi, hakupata kitu.

"Anasema kweli," Damas alimwambia mkewe. "Bila constat, hakuna kitu."

"Papa Colette, mahindi haikufanya kazi ku kampuni. Ikilala sana, inakufa."

"Na tukisimamisha, tunapata ngapi? Kidogo tu. Huku wanaleta mbegu, mbolea, na unga."

Banza alikuwa ameanza kupigilia kijiti chekundu pembeni mwa shamba. "Tume inakuya siku gani?" Émilienne akamuuliza.

"Juma hii, mama. Kama si hii, yenye kufuata."

Alipomaliza alimtazama Damas, akaona ovaroli ya bluu iliyochakaa yenye alama ya kiwanda kifuani. "Papa, weye unajua kazi. Minye sina mafuta ya kurudia huku kila siku. Utakuwa responsable wa mashamba yote ya huku. Uangalie batu basiguse."

*Responsable*, msimamizi. Kwa miaka Damas alikuwa anaitwa jina la mtoto wake, au anaitwa "mzee" na vijana wa sokoni waliotaka apishe njia. Alisimama wima katikati ya mahindi yaliyolala.

"Bila shaka, shefu," alisema.

Émilienne alimwangalia mumewe, akaangalia mstari wake uliofika nusu. Jambo lililokuwa moyoni mwake walilijua wote watatu. Marlène, dada yake Damas wa Lubumbashi, alikuwa ametuma ujumbe mara mbili akimtaka Colette aende kwake kulea watoto na kufua. Kama shamba lingetoa chakula cha mwaka, Colette angebaki na kumaliza shule. Kama lisingetoa, angekwenda, kwa sababu kinywa kimoja kikiondoka vingine vinapumua. Damas ndiye aliyesema hivyo kwa mdomo wake, siku walipopanda.

Kwa hiyo Émilienne alijiambia kwamba unga wa serikali nao ni chakula, akamwita Colette, akawamwagia maji mikononi, yeye na baba yake, wakanawa matope.

* * *

Henriette, mwenye shamba la upande wa juu, ndiye peke yake aliyekataa kungoja.

"Responsable!" aliita kutoka kwenye mpaka, amejifunga kitenge kiunoni, anachuma mahindi yake mabichi kwa mikono miwili. "Responsable wa mahindi yenye kulala! Papa Colette, usisahau kuipigia filimbi, isiamke!"

"Mama Henriette, ulipewa kijiti sawa batu bote."

"Kijiti? Kilichemsha chai yangu asubuhi. Serikali ikikuya, uiambie nilikunywa constat yake na sukari."

Watu wa mashamba mengine walicheka, lakini waliwafuata Banza na Damas, kwa sababu redio ilikuwa imesema, na kwa sababu Jumapili ile mchungaji wao wa Kikula alimshukuru Mungu kwa msaada huo kabla haujafika. Watu walipiga makofi, walipiga vigelegele. Damas alisimama akaulizwa maswali mbele ya kanisa, akajibu kama mtu wa ofisini: ndiyo, mbegu, ndiyo, mbolea, hapana, hakuna kulipa, subira tu, na msiguse.

Henriette alibeba mahindi yake mpaka soko la Kikula, akayachemsha, akayauza. Kisha akang'oa mashina yote, akaufungua udongo, na mvua ya kwanza iliyofuata akapanda maharage.

Juma lile tume haikuja. Lililofuata pia.

Damas alikuwa analala kwenye kibanda cha nyasi pembeni mwa shamba, na kila asubuhi alizunguka mashamba yote kama alivyozoea kuzunguka karakana, akitazama kama kuna kilichosogezwa. Magugu yalianza kuchungulia katikati ya mahindi yaliyolala. Mtu mmoja alimuuliza kama kupalilia nako ni kugusa. Damas alifikiri sana, maana hakutaka kumwonea mtu, akasema: "Jembe ni jembe. Tuache."

Siku moja Émilienne na Colette walimletea chakula. Kilikuwa bukari, ugali wa huko, kidogo tu, na matembele yasiyo na mafuta, vimefungwa kwenye kitambaa. Alipokuwa akila, Colette alipita mstarini, akainama, akavunja hindi moja. Maganda yalikuwa yameanza kuwa meusi, lakini ndani upande mmoja ulikuwa bado mzuri. Alikuwa ameshaling'ata baba yake alipomwona.

"Rudisha."

"Papa, ni moja tu."

"Kila mutu akisema ni moja tu, tume itakuta nini? Minye njo ninaangalia za wengine. Mutoto wangu mwenyewe anakula constat?"

Colette alikuwa msichana wa miaka kumi na sita na alikuwa na njaa. Alimtazama mama yake. Émilienne alikuwa anatazama mlima. Basi Colette akalirudisha hindi, si kwa kulitupa. Alipiga magoti akalilaza pale pale lilipokuwa, alama za meno zikiwa chini, akafunika kwa maganda. Damas akaendelea kula bukari.

Njiani kurudi Kikula Émilienne alisema jambo moja tu, na hakumwambia mtu yeyote hasa: "Hata mbuzi banamuachiaka akule."

* * *

Mama Mbombo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvunjika moyo. Shamba lake lilipakana na la Damas upande wa kijito. Alikuwa mjane, mtu wa mkoa wa Kasai kwa kuzaliwa, na ile miaka watu wa kwao walipofukuzwa huku, walipolala stesheni majuma na majuma wakisubiri treni, yeye hakupanda. Mume wake alikuwa mtu wa hapa, na kaburi lake lilikuwa hapa. Tangu wakati huo alijifunza kuongea kidogo na kusalimia kwanza. Aliishi na mjukuu mmoja.

Mwezi wa tatu ulikuwa umeshaanza. Alikuja na jembe begani, akasimama mpakani kama mtu aliye mlangoni pa ofisi.

"Papa Colette, jambo."

"Jambo, Mama Mbombo."

"Nimekuya kuomba ruhusa."

Damas aliona aibu. "Ruhusa ya nini? Shamba iko yako."

"Ruhusa ya kulima. Mvua inaenda kuisha. Mama Henriette, maharage yake imefika hapa." Alionyesha chini ya goti. "Minye nguvu yangu ni kidogo, lakini nikianza leo, pengine napata hata kipande. Kama naacha, na musaada haikuya, nitaenda wapi? Bengine biko na mandugu. Ba kwetu balipanda treni."

Ilikuwa rahisi sana kumwambia: lima, mama. Baadaye Damas alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusema hivyo. Lakini asubuhi hiyohiyo Banza alikuwa amepita kwa miguu, amekonda, akasema safari hii ni kweli, gari limepatikana, tume iko njiani. Kama shamba la Mama Mbombo lingeonekana limelimwa, katikati ya mengine, tume ingesema watu wa huku ni waongo, nao wangenyimwa wote. Na zaidi ya hayo, Damas aliogopa. Akikubali kwamba yule mama ana haki ya kulima, basi yale majuma yote aliyomkataza mke wake yalikuwa nini?

"Mama Mbombo," alisema, "subiri kidogo tu. Minye nakuambia mbele ya Mungu: kama musaada haikuya, minye mwenyewe nitalima shamba yako. Mbele ya yangu. Unasikia? Nitamaliza yako, njo nishike yangu."

Mama Mbombo alishusha jembe kutoka begani, akalishika mkononi kama fimbo.

"Nasikia, papa," akasema. "Asante." Akarudi nyumbani.

* * *

Tume ilifika wakati maharage ya Henriette yalikuwa yanatoa maua.

Lilikuwa gari moja lenye nyuma wazi. Mbele amekaa mkubwa aliyevaa suti ya kijivu na viatu vyepesi vya mjini; nyuma wamekaa watu wanne, mmoja na kamera, na Banza ameshika chuma cha pembeni. Damas alikuwa amefua ovaroli yake mara mbili wakati wa kungoja. Alikimbia mpaka barabarani, akaweka visigino pamoja. Watu wa mashamba walijikusanya nyuma yake. Émilienne alibaki mbali kidogo, mkono mdomoni.

"Shefu, karibu. Minye ni responsable. Kila kitu kiko vile upepo uliacha. Hakuna muntu aligusa."

Mkubwa hakushuka. Alitazama kupitia dirisha. Mbele yake kulikuwa na nyasi zinazofika kiunoni, kutoka barabarani mpaka kijitoni, na ndani ya nyasi, kama mtu angeingia na kuinama, kulikuwa na mabua meusi yaliyooza.

"Mashamba iko wapi?" akauliza.

"Njo haya, shefu."

"Hapa ni pori."

"Chini, shefu. Mahindi iko chini. Tukifungua nyasi—" Damas aliingia, akapiga magoti, akapasua nyasi kwa mikono yake, akatoa bua moja. Lilikatika mkononi mwake kwa ulaini. Akalinyanyua juu. "Hii, shefu. Hii ilikuwa mahindi."

Wale wa nyuma ya gari walicheka kidogo, si kwa ubaya. Ni vile mtu mzima anavyochekesha akiwa amepiga magoti ameshika kitu kilichooza.

"Papa," mkubwa alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi, "upepo ulipita mwezi wa pili. Sasa tuko mwezi wa tatu, unaenda kuisha. Muntu gani anaacha shamba yake bila kulima, bila kupalilia? Nani alikuambia usilime?"

Damas aligeuza macho kumtafuta Banza. Banza alikuwa anatazama vidole vyake kwenye kile chuma. Midomo yake ilifunguka.

"Shefu, minye njo nilibaamb—"

"Weye utaongea ofisini."

Banza akarudisha macho kwenye vidole vyake.

"Serikali inasaidia wenye kupatwa na balaa," mkubwa akawaambia watu wote, akipandisha kioo nusu. "Wavivu haina dawa yao." Kisha macho yake yakafika upande wa juu, kwenye mistari ya maharage iliyonyooka. "Ile ni ya nani?"

Henriette alisogea mbele. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Yangu."

"Unaona? Huyu mama alipigwa na upepo uleule. Lakini alisimama." Wakamshushia gunia la mbolea, wakamweka katikati ya maharage yake, mwenye kamera akampiga picha na gunia. Gunia lilikuwa moja, na gari halikuwa na jingine. Likageuka, likaondoka, matope yakaruka mpaka kwenye ovaroli ya Damas.

Banza hakupanda. Aliachwa, au alijiacha. Alikaa kwenye ukingo wa mfereji, koti lake la kijani magotini.

"Gari haikukuwa na mafuta, papa. Kila siku banasema kesho. Minye mwenyewe balinilipa mwisho mwaka juzi. Nilifikiri..." Alikuwa analia kama mtoto, pua na macho. "Nilifikiri kama batu banangoja vizuri, serikali itaona haya."

Damas alitaka kumchukia. Alimtafutia neno zito la kumtupia, akalikosa, kwa sababu kijana alikuwa amefikiri vile vile alivyofikiri yeye.

Henriette alipita karibu yao na gunia kichwani. "Usinione vile, papa Colette," alisema kwa sauti ya chini. "Sikuomba. Wamenipa juu ya kukosa kusikia amri."

* * *

Siku iliyofuata Émilienne alifunga kitenge, akaenda Mulungwishi bila kuaga. Alimkuta mke wa mwalimu mmoja wa misheni, akamwomba kazi ya shamba. Kwa siku kadhaa alipalilia, alibeba maji, alifua blanketi, alilala jikoni. Alirudi na ndoo ya maharage ya mbegu, iliyojaa, imefungwa kitambaa juu. Mikono yake ilikuwa imechubuka, na kucha moja imekwenda.

Aliweka ndoo mbele ya Damas kibandani.

"Inatosha shamba yetu," alisema. "Si yote, lakini kipande kikubwa. Mvua iko tayari kuisha. Tukifyeka na kulima leo na kesho, tunapanda. Tukipata hata magunia machache, naandikia Marlène mutoto haendi."

Damas hakuishika ndoo. Alikaa kwenye kigogo, akatazama miguu yake.

"Kuko kitu, mama Colette."

"Kitu gani?"

"Nilimuahidi Mama Mbombo. Nitalima yake mbele."

Émilienne alifikiri hakusikia vizuri. Akamwambia arudie. Akarudia. Alicheka, kicheko kifupi kikavu.

"Uliahidi na mudomo yako, sasa unalipa na mikono yangu."

"Sikumuahidi maharage. Nilisema kulima."

"Na siku unalima yake, yetu inalimwa na nani? Na mvua inamungoja nani? Papa Colette, weye uliniambia niache mahindi, nikaacha. Uliambia mutoto arudishe hindi kwenye matope, akarudisha. Sasa tena? Hawa batu ba ahadi banatusaidia nini?"

Alikuwa anasema kweli. Damas angeweza kumwambia kwamba yule mama hana ndugu. Émilienne alijua. Angeweza kumwambia kwamba alimkataza mtu aliyekuja na jembe begani, na kwamba neno lake ndilo lililomrudisha nyumbani. Alijua hilo pia. Kwa hiyo alisema kile kilichobaki.

"Serikali ilituambia ngoja, na haikukuya. Minye nilimuambia ngoja. Kama minye pia sikuya, basi tuko sawa na ile gari."

Alichukua jembe, akavuka mpaka.

Alifyeka na kulima shamba la Mama Mbombo peke yake. Upande wa pili Émilienne na Colette walilima lao, wamempa mgongo. Henriette alisimama kwenye maharage yake akawatazama wote. Jioni aliacha ugali kwenye jani la mgomba mpakani, bila kusema ni wa nani. Mama Mbombo alikuwa anakuja na mjukuu wake kuokota mizizi nyuma ya jembe la Damas. Damas alikohoa sana. Vumbi la miaka ya kiwandani lilikuwa bado limo kifuani. Kila alipopumzika, mama yule alisema, "Inatosha, papa, mahali hapa panatosha," naye akasema hapana, bado, na kurudi kwenye jembe.

Habari za Lubumbashi zilikuja katikati ya kazi hiyo. Lori la mtu wa kanisani lilikuwa linaondoka kesho yake, na Marlène alikuwa ameshamlipia Colette nafasi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kusema asubiri. Shamba ambalo lingekuwa sababu hiyo lilikuwa bado halijalimwa hata nusu.

Mchana huo Damas alifika mwisho wa mstari wa mwisho, kijitoni. Udongo wa Mama Mbombo ulilala wazi, mweusi. Upande wa Kakontwe wingu moja lilikuwa limesimama, na watu wote kwenye mashamba walilitazama kwa namna moja, kwa sababu mvua zilikuwa zimekuja mara chache juma lile, kila mara nyembamba kuliko ya kwanza, na baada ya wingu hilo hakuna aliyeona jingine.

Mama Mbombo alisimama pembeni akautazama udongo. "Ahadi yako imekwisha, papa," alisema. "Ulisema kulima, umelima. Mbegu sina. Nilikula zangu wakati wa kungoja. Si kosa yako. Enda, upande yako, mvua inakuya."

Damas aliegemea jembe. Aliutazama udongo uliolimwa vizuri, usio na kitu, kama meza iliyofutwa kwa watu wasio na chakula.

Ndipo Émilienne alipokuja. Alivuka mpaka na ndoo kichwani, Colette nyuma yake. Aliishusha, akafungua kitambaa. Hakumtazama mumewe. Alimtazama Mama Mbombo, na wanawake wawili walisimama hivyo, mmoja na ndoo na mwingine na mikono mitupu, na aliyeanza kulia hakuwa Mama Mbombo.

"Usinishukuru," Émilienne alisema, akijifuta kwa mkono wenye udongo. "Sitoe juu ya moyo muzuri. Kesho mutoto wangu anapanda lori. Nimehesabu jua, nimehesabu wingu, hata nikipanda yetu sasa haitoshi kumuzuia." Alivuta pumzi. "Basi hata ahadi moja itimie."

"Mama Colette—" Damas alianza.

"Weye fungua mashimo. Minye nitaangusha mbegu. Lakini usiniongeleshe."

Colette alikuwa ameshaenda mwisho wa mstari, anafunika kwa mguu mahali mama yake alipoangusha. Matone ya kwanza yalipiga udongo, makubwa, yaliyotawanyika. Damas aliinama. Alifungua shimo, akasogea, akafungua jingine, na nyuma yake alisikia maharage yakidondoka, mawili mawili, na hakumwongelesha mkewe, mstari baada ya mstari, mpaka shamba la Mama Mbombo likaisha.